Kabla hujaunda trela, unda toroli la mashine yako ya kuchomelea



Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia mashine ya kuchomelea, kwa sababu siku hizi imeingia mashambani kwa kasi. Zile za zamani zilikuwa mzigo wa kubebwa na watu kadhaa. Hizi za inveta nyingi zina kilo 5 hadi 10 tu, zinapatikana hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kijana mwenye ekari zake na pawatila anaona ni kifaa cha lazima. Simlaumu. Haro ikivunjika Jumamosi jioni wakati trekta la kukodi limeshafika shambani, hutaki kusubiri fundi mpaka Jumatatu.

Shida yangu ni kinachofuata baada ya kununua. Mtu anaitoa mashine kwenye boksi, anaunganisha vipande viwili vya nondo, vinashikana, anafurahi. Wiki inayofuata anaanza kuunda trela. Au anachomelea mkono wa kuvutia trela uliopasuka, ule unaovuta magunia na vibarua wamekaa juu yake. Hapo ndipo ninaposema hapana.

Msimamo wangu ni huu: ukinunua mashine ya kuchomelea, kazi yako ya kwanza iwe toroli la kuibebea mashine hiyo. Si geti, si banda la kuku, si trela. Toroli. Na mpaka toroli hilo limalize msimu mzima bila kuachia kiungo hata kimoja, usiguse chuma chochote kinachobeba uhai wa mtu.

Najua wengine mtacheka. Toroli ni jambo dogo, eti. Nisomeni kwanza.

Moto unakuwa pale mashine ilipo

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua zinakatika Aprili au Mei, mahindi yanakauka shambani, na kuanzia Juni tunavuna. Ndicho kipindi trela zinafanya kazi kila siku, vyuma vinachoka na kukatika. Ndicho kipindi pia kila kitu kinashika moto: mabua, maganda, nyasi, magunia, malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo msimu wetu wa kuchomelea ndio huohuo msimu wetu wa moto.

Sasa angalia mashine isiyo na toroli inakaa wapi. Inakaa stoo, karibu na soketi. Kwa kuwa kuihamisha ni usumbufu, kazi zote zinaletwa pale pale. Unakuta mtu anachomelea mlangoni mwa stoo, nyuma yake magunia ya mahindi, pembeni dumu la dizeli, juu yake paa la makuti au nyasi. Cheche moja ikipenya katikati ya magunia haitawaka papo hapo. Itafuka taratibu, na moto utaonekana wakati wewe umeshakwenda kula.

Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka vitu vinavyoweza kuungua viwe umbali wa futi 35, yaani karibu mita 11, kutoka mahali pa kuchomelea, na visipoondoka vifunikwe au vikingwe. Zinataka pia, penye hatari ya moto, mtu abaki akilinda angalau nusu saa baada ya kazi kwisha. Sisi hatuko Marekani, lakini cheche ni ile ile. Huwezi kuhamisha gunia 200 za mahindi mita 11 kila jino la haro linapokatika. Ila unaweza kusukuma toroli mita 11 mpaka kwenye uwanja uliofagiliwa, udongo mtupu, usio na jani. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kutaka mashine iwe na magurudumu.

Kisichopanda torolini hakifiki kwenye kazi

Kuna wanaoniambia, "Bwana shamba, mashine yangu nyepesi, naibeba begani, toroli la nini?" Jibu ni kwamba mashine yenyewe siyo tatizo. Mtu akibeba kwa mikono anachukua vile ambavyo bila hivyo kazi haifanyiki: mashine, waya na vijiti viwili. Vinavyobaki nyumbani ni barakoa, glavu, miwani ya kugraindia na maji ya kuzimia moto. Yaani vinavyobaki daima ni vile vya kukulinda.

Matokeo tunayajua. Mtu anafumba macho na kupiga taki "mara moja tu". Mwanga ule unaunguza macho kama jua linavyounguza ngozi, lakini maumivu hayaji hapo hapo. Yanakuja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho kama yamejaa mchanga. Kesho yake hafanyi kazi yoyote, na kama ni siku ya kuvuna, hasara ameiona.

Toroli lililopangwa vizuri linaondoa kishawishi hicho. Ukilivuta, umevuta vyote. Kwa hiyo lipangie kila kitu mahali pake pa kudumu: ndoano ya barakoa yenye kioo namba 10 au 11, ndoano ya glavu, sehemu ya nyundo ya kupondea takataka ya kuchomelea na brashi ya waya, na sehemu ya maji.

Kwa maji, wakulima tuna bahati, maana tayari tuna bomba la mgongoni la kupulizia dawa la lita 16 au 20. Tafuta lile lisilovuja, lioshe vizuri, jaza maji safi, liwe la kazi hiyo tu. Kabla ya kuanza, lowesha nyasi za kuzunguka eneo, siyo pale utakaposimama wala karibu na mashine. Moto ukishika nyasi, zima umeme kwanza, ndipo upulize. Na uwe na ndoo ya mchanga kwa ajili ya moto ulio karibu na mashine yenyewe, maana maji na umeme havikai pamoja.

Viungo 20 vya mtihani

Sababu ya tatu ndiyo ninayoipa uzito zaidi. Toroli ni mtihani wako. Hili nitakaloeleza lina viungo 20. Kwa kulijenga utachomelea chuma kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama, na mara nyingine ukiwa chini unaangalia juu. Utakata, utapima, utaona chuma kikivutwa na joto na kupinda. Na kiungo chako kibaya kikiachia, kitakachodondoka ni kopo la vijiti. Kwenye trela, kiungo kibaya kikiachia kwenye mteremko, hakuna wa kukirudisha.

Kabla hujagusa toroli lenyewe, chukua vipande vya ziada vya sm 10. Simamisha kimoja juu ya kingine kama herufi T, chomelea upande mmoja tu, acha kipoe, kisha kigonge kwa nyundo upande usiochomelewa kianguke kuelekea upande wenye mshono. Mshono ukivunjika, angalia ndani. Ukiona mstari mweusi wa takataka, au chuma cha chini hakijayeyuka kabisa na mshono umekaa juu juu kama ugali kwenye sahani, hujafaulu. Ongeza umeme kidogo, punguza mwendo, rudia. Mshono kupendeza kwa nje hakutoshi kukuambia umeshika.

Toroli la udongo, siyo la zege

Picha nyingi za matoroli haya mtandaoni zinatoka kwenye gereji zenye sakafu ya zege. Yana magurudumu manne madogo ya kuzunguka, yanapendeza sana. Kwenye uwanja wa shamba hayaendi hata hatua tatu. Yanazama kwenye udongo, yanakwama kwenye kokoto, toroli linapinduka. Usiige kitu kilichobuniwa kwa ajili ya ardhi usiyokuwa nayo.

Sisi tunahitaji tairi mbili kubwa za wilbaro upande mmoja, na miguu miwili upande wa pili. Unanyanyua upande wa miguu kidogo, unavuta. Likishushwa linakaa imara, halitembei lenyewe.

Kwa chuma, nashauri chuma cha pembe, dukani mnakiita engo laini, cha mm 30 kwa 30, unene mm 3. Skwea paipu inaonekana nadhifu, lakini ile nyembamba ya mm 1.2 inatoboka haraka mkononi mwa anayejifunza, na maji yakiingia ndani yake huoni kutu mpaka imekula. Chukua baa mbili za mita 6. Baa ya kwanza inatoa vipande hivi: viwili vya sm 110, viwili vya sm 70, viwili vya sm 45 na viwili vya sm 55. Jumla sm 560. Baa ya pili inatoa viwili vya sm 45, viwili vya sm 55 na miguu miwili ya karibu sm 20. Kinachobaki, zaidi ya mita 3, ni cha kufanyia mazoezi, ndoano na mataruma ya kubebea rafu.

Fremu ya chini ni sm 70 kwa 45. Fremu ya juu ni hiyo hiyo, ila vyuma vyake virefu ni vile vya sm 110, ili sm 40 zitokeze upande wa miguu ziwe mikono ya kuvutia. Nguzo nne za sm 55 zinaunganisha fremu hizo mbili. Hesabu viungo: vinne chini, vinne juu, vinane vya nguzo, viwili vya miguu, viwili vya kushikia ekseli. Ndivyo vile 20.

Piga taki kila kona kwanza, usimalize mshono wowote. Kisha pima kona kwa kona. Kwa fremu ya sm 70 kwa 45 vipimo vyote viwili vya mshazari vinatakiwa viwe karibu sm 83.2. Visipolingana fremu imepinda, na sasa bado unaweza kuigonga ikanyooka. Zikiwa sawa, chomelea kona moja, kisha nenda ya mshazari wake, usizunguke kwa mfuatano. Kwa chuma cha mm 3 tumia kijiti cha mm 2.5, aina ya 6013, anza kwenye ampia 70 hadi 85.

Miguu ikatwe mwisho kabisa. Funga tairi kwanza, jaza upepo, kisha pima urefu unaotakiwa ili toroli likae sawa. Tairi ya wilbaro ya 4.00-8 ina kipenyo cha karibu sm 40, kwa hiyo ekseli inakaa kama sm 20 kutoka chini, lakini pima yako mwenyewe. Tairi zikae nje ya fremu, siyo chini yake, ili toroli liwe pana lisipinduke kwenye tuta.

Rafu ya chini ibebe vizito: waya, klempu, nyundo, boksi la vifaa. Mashine ya inveta ikae juu, mbali na vumbi la ardhini, na iachiwe nafasi nyuma na pembeni ili feni ipumue. Kama yako ni ile ya zamani yenye kilo nyingi, iweke chini na uifunge. Usigraindi karibu nayo wakati feni inazunguka. Inavuta unga wa chuma ndani, na unga wa chuma ukikaa kwenye saketi, umeua mashine.

Vijiti viwekwe kwenye kipande cha bomba la PVC cha sm 40 chenye vifuniko, mbali na upande wa cheche. Kijiti kilicholoana kinatema, na mshono wake unakuwa na vishimo. Kwa vile vya 7018 unyevu ni adui mkubwa zaidi, na kifuniko peke yake hakitoshi. Vinahitaji kuwekwa kwenye oveni yake. Kama huna oveni, usivitumie kwenye kazi nzito.

Ndoano mbili za mwisho ndizo ninazokagua kwanza nikitembelea karakana ya mtu: ya kibanio cha ethi na ya kishikio cha kijiti. Zitenganishe, moja kila upande, na ya kishikio uivalishe kipande cha mpira wa maji. Zikikutana zote kwenye chuma cha toroli na mashine imewashwa, umetengeneza shoti ndani ya toroli lako mwenyewe.

Mikono ya kuvutia izungushie mpira wa tyubu kuukuu. Ukitaka kutumia mabomba chakavu ya maji badala yake, kumbuka hayo yamepakwa zinki. Ondoa zinki kwa graenda pale unapochomelea, fanyia kazi nje penye upepo, usivute moshi wake. Moshi huo unaleta homa na kutetemeka kama malaria. Na pipa au dumu lililowahi kuwa na petroli, dizeli au dawa za shamba usilikate wala kulichomelea, hata kama limekaa tupu mwaka mzima.

Likimalizika, lijaribu. Weka gunia la mbolea la kilo 50 juu yake, livute kuzunguka uwanja, lipitishe kwenye matuta na mfereji. Kisha kagua viungo vyote 20 kimoja kimoja kabla hujapaka rangi, kwa sababu rangi inaficha nyufa.

Tukiwa na mashine inayotembea, tuwe na waya unaostahili

Mkishapata magurudumu mtataka kwenda mbali, na mbali maana yake ekstensheni. Tufanye hesabu ndogo. Kijiti cha mm 2.5 kwenye ampia 80 kinafanya kazi kwa takriban volti 23. Zidisha, unapata kama wati 1,840. Kijiti cha mm 3.2 kwenye ampia 120 na volti 25 kinakupeleka wati 3,000. Hapo hujahesabu kinachopotea ndani ya mashine. Plagi ya kawaida ya ampia 13 kwa volti 230 mwisho wake ni karibu wati 2,990. Kwa hiyo kazi ya mm 3.2 inataka laini yake maalumu iliyofungwa na fundi umeme, siyo soketi ya kuchajia simu. Na jenereta ndogo ya kilowati 2 itakusumbua hata kwa kijiti kidogo.

Waya wa ekstensheni uwe wa shaba wa mm 2.5 za mraba au zaidi, wenye waya wa ethi, na uufungue wote kabla ya kutumia. Ukiachwa umeviringishwa unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Ardhi ikiwa imeloa, weka ubao mkavu wa kusimamia, nao upate nafasi yake torolini. Wengi wanadhani upande wa kijiti hauna madhara. Mashine ikiwa imewashwa na hujaanza kuchoma, pale kuna volti 60 au zaidi, na mwili uliolowa jasho unazipitisha vizuri.

Ukichomelea kifaa kilichofungwa kwenye trekta, toa betri kwanza, na kibanio cha ethi kiwe karibu kabisa na mshono. Umeme usipitie kwenye beringi, utaiharibu.

Nani asiunde

Niseme ukweli pia kwa upande wa pili. Kama shamba lako halina umeme wa uhakika, na unahitaji kuchomelea mara mbili tatu kwa mwaka, usinunue mashine wala usiunde toroli. Mlipe fundi, fedha yako weka kwenye pembejeo. Kifaa kinacholala stoo ni mtaji uliolala.

Na hata ukifaulu viungo vyote 20, kuna kazi zinazobaki za fundi aliyesomea: usukani, breki, habu za magurudumu, ndoano za kunyanyulia mizigo na mkono wa kuvutia trela. Ukitaka kuzifikia hizo, vyuo vya VETA vinafundisha fani ya uchomeleaji. Nenda ukiwa na toroli lako tayari. Mwalimu akikagua mishono yake atajua mara moja aanzie wapi na wewe.

Bado Juni haijafika. Baa mbili, tairi mbili na wikiendi mbili zinatosha. Mwaka huu, chuma kikikatika shambani, uvute toroli hadi kwenye udongo mtupu, uvae barakoa, bomba la maji likiwa pembeni, ufanye kazi yako na kila mtu arudi nyumbani mzima.

Kazi njema.